Mkanda wa Tano

Alibisha hodi Jumamosi, saa nane na nusu mchana, na mimi nilijua ni yeye kabla hajafungua kinywa. Duniani ni yeye peke yake anayegonga mlango kama mtu anayeomba radhi: mara moja, kimya, kisha mara mbili za harakaharaka.

"Hodi wenyewe."

"Wenyewe tupo," Shangazi alijibu kutoka kwenye kochi, sindano mdomoni, blauzi yangu ya kazini mapajani. Alikuwa anaitia vifungo. "Wewe uliyeko nje ndiye hatujui kama upo."

Nilinyanyuka nikafungue. Baba akanitazama. Nikaketi. Baba yangu hapigi kelele. Tangu utotoni sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Anakutazama tu, na miguu yako inakumbuka ni mtoto wa nani.

"Mlango hauna kufuli," alisema.

Kichwachini akaingia, mkebe wa filamu kwapani na mfuko wa vifaa mkononi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye kola. Aliinama. "Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi." Mimi hakunisalimia kwa mdomo. Alinipitishia macho haraka, kama mtu anayepitisha kiganja juu ya mshumaa, na kifua changu kikaungua palepale.

"Marahaba," alisema Shangazi. "Leo umekuja na kichwa juu au chini?"

"Juu, Shangazi. Kwa sasa."

Jina hilo alipewa na mji mzima. Siku yake ya kwanza kazini kwenye chumba cha mashine cha sinema, Baba akiwa mwalimu wake, aliupachika mkanda kinyume, na watu mia mbili wakamwona padri wa Kihispania akitembea darini huku pepo wakimfuata kwa heshima. Watu walicheka hadi viti vikavunjika. Baba hakucheka, wala hakumfukuza. Alimfukuza miaka miwili baadaye, kwa kosa jingine, kosa ambalo hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo imepita miaka kumi na moja.

Mwaka jana alirudi mjini, ametumwa kuufunga ule ukumbi wetu wa sinema uliouzwa, na kuzihesabu filamu zilizobaki. Tukaonana kwenye mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekwenda kuchukua kiti changu cha utotoni, sikukichukua. Kila Jumapili baada ya hapo tulikaa wawili kwenye ukumbi wa viti mia mbili, tukitazama filamu zilezile, bega kwa bega. Mara tatu alikuja kuniposa. Mara ya kwanza Baba alisema hapana. Mara ya pili alifunga mlango. Mara ya tatu, wiki iliyopita, alisema maneno niliyoyashika kama aya:

"Unirudishie ile filamu kama ulivyoikuta. Jumapili, saa kumi, ukumbi uleule. Mke arudi nyumbani, akae mezani, taa ziwake. Ukifanya hivyo, huyu ni wako."

Jumapili hiyo ilikuwa kesho. Jumatatu mashine ingeng'olewa, na Kichwachini angeondoka na lori la mikebe kwenda ghala la filamu la mji mkuu, alikopata kazi. Hapakuwa na Jumapili nyingine.

Niwaeleze habari ya filamu hizo, maana najua wapo watakaocheka.

Mimi ni msaga lenzi. Kutwa nzima niko nyuma ya duka la miwani, nasaga vioo ili watu waone sawasawa. Lakini macho yangu mwenyewe yalifundishwa kwenye tundu la chumba cha mashine, mwaka aliokufa mama, nikiwa na miaka tisa. Hapakuwa na wa kuniachia. Baba alinikalisha kwenye kiti kidogo kati ya mikebe, nami nikalelewa na filamu za kutisha za Ulaya za miaka ya sabini, ambazo mwenye ukumbi alizinunua kwa mkupuo kwa kuwa zilikuwa zimechakaa na hakuna aliyezitaka. Za Waitaliano, za Wahispania, za Wafaransa.

Damu yao ilikuwa nyekundu kama mlango uliopakwa rangi jana. Haikujisumbua kujifanya damu. Midomo ilisema neno hili na sauti ikasema lile, kwa sababu kila mwigizaji alizungumza lugha ya kwao kisha akapachikwa sauti ya mtu mwingine, kwa hiyo nilijua mapema kwamba kinachotoka kinywani mwa mtu si lazima kiwe chake. Mwanamke alishuka ngazi na mshumaa, gauni jeupe likifagia vumbi, na kamera haikuwa na haraka naye. Ilimngoja. Ilimtazama shingo. Kisha ghafla ikamrukia jichoni kama kuku aliyeona punje. Mahali fulani mtoto aliimba wimbo usio na maneno, la-la-la, huku mkono wenye glavu nyeusi ukivuta droo ya visu taratibu, kisu kimojakimoja, kama anayechagua tunda. Filamu za siku hizi zinakushtua halafu zinakwenda zao. Zile zilikaa na wewe, kama mgeni aliyesahau kuaga. Na wafu wake hawakurudi kwa chuki. Walirudi kwa sababu hawakumaliza kupendwa. Mtoto asiye na mama akionyeshwa kitu kama hicho, unadhani ataogopa? Mimi nilisogeza kiti.

Iliyokuwa mama yao wote iliitwa Kengele ya Mgane. Mhunzi wa kengele katika kijiji cha milimani anafiwa na mkewe. Anaukata msuko wake wa nywele, anautupa kwenye shaba iliyoyeyuka, anaifua kengele. Kila kengele inapolia mtu mmoja kijijini anakufa, na mke anasogea nyumbani hatua moja. Mikanda sita. Katika ukumbi wetu iliisha hivi: mhunzi anamzika mkewe kwa mara ya pili, anapiga udongo kwa koleo, anarudi nyumbani peke yake, halafu mlango unafunguka. Mke anaingia. Anakaa mezani. Mume anakata mkate, anajikata. Mke anaushika ule mkono wenye damu, taratibu, kama anayeshika ndege. Mwisho. Taa zinawaka, na watu wazima wanatoka nje wakijifuta nyuso kwa mikono ya mashati.

Miaka kumi na moja iliyopita, Jumapili moja saa kumi, Kichwachini aliionyesha ikaisha kwa koleo, na Baba akamfukuza.

"Umeleta nini hapo?" Baba aliuliza.

"Mkanda wa sita, Mzee. Nimeusafisha. Kile kipande chenye neno "Mwisho" nimekibandua, nitakiunga tena kwenye wa tano kama zamani." Aliukaza mkebe kwapani. "Nimebakiwa na wa tano tu. Uliouchukua siku ile."

"Sikuuchukua. Niliuhifadhi."

"Ndiyo, Mzee. Uliouhifadhi."

"Wanaume wawili wazima," Shangazi alikiambia kifungo chake, "mnagombea mzungu aliyekufa."

"Dada," Baba alisema.

"Nimenyamaza, kaka. Nashona."

Baba akaenda chumbani. Tulisikia kitu kizito kikiburutwa chini ya kitanda. Kwa nusu dakika tulikuwa sisi na Shangazi tu, na Shangazi, Mungu amlinde, alipata haja ya ghafla ya kutafuta uzi nyuma ya kochi.

"Umelala?" Kichwachini aliniuliza kwa kunong'ona.

"Sijalala. Wewe?"

"Nimeunga na kubandua hadi vidole vimeota gundi. Nusa." Alinyoosha mkono. Sikuunusa, niliushika. Ulikuwa baridi. "Kesho kutwa tuko barabarani," alisema. "Nimeshamwambia dereva kuwa mbele tutakaa watatu."

"Usihesabu vifaranga."

"Mimi nahesabu mikanda. Imebaki mmoja."

Baba akarudi. Tukaachiana mikono kama watu waliogusa nyaya.

Mkebe aliubeba kifuani. Aliuweka mezani chini ya dirisha, nami nikaona jinsi ulivyofungwa: tepu nyeusi ya umeme, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ule mstari wa mfuniko haukuonekana tena. Ulikuwa mnene kama mguu uliovunjika ukatiwa plasta.

Nilitaka kutabasamu kwa uangalifu ule. Nikamtazama Kichwachini. Uso wake ulikuwa umekwisha badilika rangi.

"Mzee," alisema polepole, "uliufunga lini hivi?"

"Siku ileile."

"Na tangu hapo hukuwahi kuufungua? Hata kidogo?"

"Niufungue uingie vumbi? Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe, Mzee."

"Basi."

Kichwachini aligusa tepu kwa ncha ya kidole. Aligeuka akanitazama, na safari hii hakuyapitisha macho haraka. Aliyatuliza kwangu. Nilikwisha yasoma macho yale mwaka mzima gizani, nikajua anaogopa, na kwamba hajiogopei yeye.

"Labda niende nao ukumbini," alisema. "Huko kuna meza ya kazi na mwanga mzuri. Nikiukagua, jioni nakuletea habari."

"Utaufungua hapa. Mbele yangu."

"Mzee, nakuomba..."

"Unaniomba binti na unaniomba mkanda. Chagua kimoja cha kuombea leo."

Shangazi aliacha kushona.

Kichwachini akatoa kisu kidogo mfukoni mwa vifaa. Alikata tepu kwa urefu, taratibu, akaibandua tabaka kwa tabaka. Ilitoa sauti ya kitu kinachochunwa. Kisha akatia ncha ya kisu kwenye ukingo, akabinua.

Harufu ilitoka kabla ya mfuniko. Ilitupiga usoni kama kofi.

"Nani kamwaga siki?" Shangazi aliuliza, mkono puani.

Ndani ya mkebe filamu haikuwa duara tena. Ilikuwa imejikunja na kupindapinda kama ganda la kitunguu lililosahaulika juu ya jiko, na juu yake kulikuwa na ungaunga mweupe. Baba alinyoosha mkono. Aliigusa pembeni kwa kidole kimoja tu, kwa adabu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, na kipande kikavunjika kikabaki kwenye kidole chake.

"Imefanya nini?" aliuliza.

"Filamu inapumua, Mzee," Kichwachini alisema. "Ikizeeka inatoa hewa chachu. Mkebe ukiwa na upenyo, hewa inajiendea. Ukifungwa kabisa, inaivuta ileile tena na tena. Inajila yenyewe."

"Mimi nilifundishwa kufunga."

"Sote tulifundishwa kufunga. Mimi mwenyewe nimejifunza juzi tu kule ghalani."

"Unaweza kuitengeneza."

"Hapana, Mzee."

"Una gundi. Una mashine."

"Haiwezi kupita kwenye mashine. Itakuwa vumbi."

Baba alichukua ile mikunjo ya juu, akajaribu kuinyanyua ielekee dirishani. Mikono yake, ambayo ingeweza kuunga filamu iliyokatika gizani kabla watazamaji hawajapiga mluzi, haikujua iishike wapi. Akanigeukia.

"Njoo na kioo chako."

Kioo changu cha kazini huwa shingoni mwangu, kwenye kamba, hata Jumamosi. Nilikipachika jichoni, nikainama. Siki ilinichoma hadi machozi yakatoka, na nilifurahi kuwa na kisingizio. Nilitafuta picha moja nzima. Rangi zote zilikuwa zimekufa ikabaki pinki hafifu ya ufizi. Niliiona meza. Niliuona mkate. Pale ambapo uso wake ulipaswa kuwa, utando wa picha ulikuwa umeteleza, ukajikusanya pembeni kama ngozi juu ya maziwa.

"Yupo?" Baba aliuliza.

Nilikaa nimeinama. Kinywa changu kilitaka kusema yupo. Ilikuwa ni neno moja dogo, nani angelikagua? Lakini kazi yangu yote ni kuwaambia watu wanachokiona, na Baba alinifundisha kuona kabla sijajua kuandika.

"Kiti kipo," nilisema.

Akaketi. Hakuketi kama mtu anayechagua kuketi. Kisha akasema, akimtazama Kichwachini, kwa sauti yake ileile isiyopanda:

"Unajua aliyekuwa amelala hapa ni nani?"

"Najua, Mzee."

"Hujui. Filamu ile ilifika wiki ya saba baada ya kumzika mama yake huyu. Nikaipitisha peke yangu asubuhi kuikagua, ndiyo kazi. Yule mwanamke ana shingo kama yake. Anavyoinamisha kichwa akiketi, hivi. Mkanda wa tano, karudi. Kaketi. Nikasema, haya. Mkanda wa sita, mume anamfukia macho wazi. Nilizima mashine." Alisugua ile chembe ya filamu kati ya vidole. "Nikachukua mkasi. Nikakwangua namba, nikaandika zangu. Sita ikawa tano, tano ikawa sita. Lile neno "Mwisho" nikalikata nikalihamisha. Picha ishirini na nne tu, sekunde moja. Na kila Jumapili saa kumi, miaka kumi na moja, mke wa mtu alirudi nyumbani akakaa mezani. Nani alidhurika?"

"Hakuna, Mzee."

"Hakuna. Halafu wewe, mwanafunzi, na ujuaji wako wa namba! Ungeacha nilivyoacha, nisingeuleta mkanda huu nyumbani. Nisingeufunga. Leo angekuwepo. Umenizikia mke mara ya pili mbele ya mji mzima, na sasa ya tatu, mezani kwangu. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma." Kichwachini alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. "Ni kiherehere changu, Mzee. Nisamehe."

Hakunitazama aliposema. Ndicho kilichonimaliza. Angenitazama, hata kidogo, ningeona kwamba ananikumbusha fadhila, na labda ningenyamaza. Lakini alikitazama kile kitu kilichooza mkebeni, akakibeba peke yake, kama alivyokuwa amekibeba tangu tukiwa vijana.

"Baba," nilisema. "Bandeji."

"Bandeji gani?"

"Ya mhunzi. Wakati anamzika mkewe ana bandeji mkono wa kushoto. Halafu anarudi nyumbani, mkono mzima, ndipo anajikata na kisu cha mkate." Sauti yangu ilikuwa inatoka lakini sikuisikia kama yangu, ilikuwa kama zile sauti za kupachikwa za filamu. "Bandeji ilikuja kabla ya kidonda. Nimeitazama mara mia ndipo nikaona. Nilikuwa na miaka ishirini, najiona nina macho kuliko mji mzima. Nikapanda chumba cha mashine nikamwambia, mikanda yenu imepishana, nyie mafundi gani?"

"Nyamaza, mtoto," Shangazi alisema.

"Hakuamini. Tukaweka dau. Akawasha taa akatazama pale kwenye namba, akaona zimekwanguliwa. Aliipanga upya kwa ajili yangu, Baba. Siku ile, Jumapili ile, ilikuwa zawadi yangu."

"Acha," Kichwachini alinong'ona. "Acha, tafadhali."

"Mimi ndiye niliyemtuma."

Shangazi aliweka sindano chini kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba ingeweza kulipuka.

Baba alinitazama. Nimekwisha sema namna anavyotazama. Miguu yangu ilingoja ikumbuke ni mtoto wa nani. Haikukumbuka kitu.

"Ulijua kwa nini nilipishanisha?" aliuliza.

"Sikujua."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ulikuwa unakula na mimi meza moja kila siku."

"Ndiyo, Baba."

Akatikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyepata ubovu ulipo. Akamgeukia Kichwachini.

"Na wewe ulijua ni yeye. Nilipokutupia vitu vyako barabarani, ulijua. Ulipokuja kuposa mara tatu, nikakukataa mara mbili, ulijua. Kwa nini hukusema?"

Kichwachini aliongea kwa upole kiasi kwamba ningependa asijibu kabisa.

"Ungebaki na nani, Mzee?"

Nilidhani Baba atalia. Nilimwomba Mungu alie. Kama angelia ningejua la kufanya: ningepiga magoti, ningemshika miguu, Shangazi angeleta maji, na kufika jioni tungekuwa watu tena. Lakini alinyoosha mkono akauchukua mfuniko wa mkebe, akaufuta kwa kiganja, upande huu na upande huu.

"Mchukue," alisema.

"Mzee?"

"Si ndiyo uliyoijia? Mchukue. Mimi na Shangazi yake tumeridhia."

"Kaka!" Shangazi aliinuka. "Usinitie mimi katika neno lako la hasira. Mtu haozi binti kama anayemwaga maji machafu."

"Sina hasira. Umenisikia nikipaza sauti?" Alinitazama kwa mara ya mwisho siku ile, na macho yake hayakuwa na ukali wowote, yalikuwa ya mtu anayetazama skrini baada ya taa kuwashwa. "Ulitaka mwisho wa kweli, mwanangu. Mwisho wa kweli ni kwamba mtu anamfukia wake kwa mkono wake mwenyewe, anachukua koleo, anaondoka. Mimi nilishawahi. Si jambo gumu kama watu wanavyosema."

"Baba, hii ni ridhaa au ni laana?"

"Ni ridhaa. Nendeni nayo."

Kufunga begi kulinichukua robo saa. Miaka yangu yote thelathini na mmoja, robo saa. Shangazi alisimama mlangoni mwa chumba akinitazama nikikunja nguo vibaya, mwishowe akaninyang'anya akazikunja yeye. Aliweka ile blauzi juu kabisa.

"Kifungo cha chini hakijakazwa," alisema. "Ukifika kikaze mwenyewe. Usimpe fundi wa sinema, atakishona kichwa chini." Mdomo wake ulijaribu kucheka ukashindwa katikati. "Atapoa."

"Atapoa, Shangazi?"

Alifunga zipu ya begi.

Nilipopita sebuleni Baba alikuwa amenipa mgongo, ameinamia meza. Nilisema kwaheri. Nilisema shikamoo pia, kama mjinga, kama mtu anayefika. Alikuwa anazikusanya chembe za filamu kwa kiganja.

Nje jua lilikuwa bado kali. Kichwachini alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkebe wa mkanda wa sita mapajani. Nikakaa kando yake, bega kwa bega, kama tulivyokaa Jumapili zote zile. Nilikuwa nimelitamani bega lile mwaka mzima bila ya giza, mchana kweupe, mbele ya majirani. Sasa lilikuwa langu, na sikuhisi kitu isipokuwa harufu ya siki kwenye nywele zangu.

"Miaka kumi na moja nimeificha siri hii," alisema. "Kwa nini umesema? Tulikuwa tumeshapoteza. Angenichukia mimi tu, kama kawaida yake. Ungebaki na baba."

"Ningebaki na baba, wewe ukaondoka."

"Ndiyo."

"Na ungeniandikia?"

"Kila wiki."

"Na usingerudi."

Alitazama barabara. "Na nisingerudi."

"Basi usiniulize kwa nini nimesema."

Akaufunika mkono wangu kwa wake. Ulikuwa bado baridi. "Kesho saa kumi nilishatangaza," alisema. "Niliandika hata ubao wa nje. Nionyeshe? Mikanda mitano, inaisha kwa koleo."

"Onyesha."

"Hatakuja."

"Najua. Onyesha."

Nilikuwa nataka kuongeza neno, nadhani neno zuri, neno la mwanamke aliyeposwa. Ndipo tukaisikia sauti kutoka ndani, nyuma ya mlango usio na kufuli. Kwanza ni Shangazi, akisema kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuitumia: "Kaka. Kaka, acha basi, umekwisha huo." Kisha tepu. Ilivutwa kwa urefu, ikakatwa, ikabandikwa. Ikavutwa tena.

Kichwachini alitaka kuinuka. Nilimshika mkono nikamketisha. Tukakaa pale juani, wachumba, tukimsikiliza baba yangu akiufunga mkebe, mzunguko juu ya mzunguko, hadi tepu ikaisha.